Stesheni ya Mombasa: Mlango wa Pwani na wa Bara

Mtu atokaye Zombe, katika upande wa mashariki wa Kitui, akitaka kwenda Mombasa kwa gari la moshi, hana budi kwanza kuiendea reli, maana reli haikupita kwao. Husafiri mpaka mji wa Kitui, kisha hushika barabara iendayo kusini kwa njia ya Mutomo, akauvuka mto wa Athi na kufika Kibwezi. Hapo ndipo aionapo reli. Akikata tikiti, gari humchukua kwa saa chache tu, likapita Mtito Andei na Voi na Mariakani, likamshusha mahali paitwapo Miritini.

Lakini Miritini si kisiwani. Mzee aliyesafiri miaka ya zamani, akifika hapo kwa mara ya kwanza, huuliza mambo mawili. Kwanza, mbona gari halikuingia mjini kama lilivyokuwa likiingia zamani? Pili, ile stesheni iliyo kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, imepatwa na nini? Maswali haya ni ya haki, na majibu yake ni historia ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Tena historia hiyo si ya watu wa pwani peke yao. Watu wa Ukambani wamo ndani yake tangu mwanzo.

NJIA ILIYOKUWAPO KABLA YA RELI

Isidhaniwe kwamba kabla ya reli hapakuwa na njia kutoka Kitui kwenda baharini. Njia ilikuwapo, na Wakamba ndio waliokuwa wenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa wafanya biashara wa Kikamba walikuwa wakiteremka pwani kwa misafara mikubwa, wamechukua pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mmoja wao aliyejulikana sana alikuwa Kivui wa Mwenda, mtu wa Kitui. Mwaka wa 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Ukambani na kuonana na Kivui kwake. Kivui aliuawa mwaka wa 1851, alipokuwa safarini pamoja na Krapf kuuelekea mto wa Tana.

Safari hiyo ya miguu haikuwa jambo dogo. Kati ya Ukambani na pwani iko nyika kavu ya Taru, yenye miiba mingi na maji machache. Msafara ulitembea kwa majuma, na mtu mgonjwa au aliyeishiwa na maji mara nyingi hakurudi kwao. Hata hivyo baadhi ya Wakamba walihamia kabisa pande za Rabai na Mariakani, na wazao wao wako huko hata leo.

Katika masimulizi ya Wakamba yuko pia mwanamke mmoja mwaguzi, jina lake Syokimau. Inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa watu wenye ngozi ya rangi ya nyama mbichi, wachukuao moto mifukoni mwao, na kuja kwa nyoka mrefu atakayetoka kwenye maji makuu na kuipita nchi yote. Wazee walipoiona reli walisema kwamba nyoka yule ndiye huyu. Jina la Syokimau halikusahauliwa, kwa kuwa stesheni kubwa ya Nairobi ya reli mpya imejengwa mahali paitwapo kwa jina lake. Basi msafiri wa leo aendaye Nairobi kutoka pwani, mwisho wa safari yake hushuka Syokimau.

RELI NDOGO ILIYOSHINDWA

Reli ya kwanza ya Mombasa haikufika mbali. Mwaka wa 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala nchi hii kwa mkataba, yaani Imperial British East Africa Company, ilianza kutandika reli nyembamba sana, ambayo upana wake haukuzidi inchi 24. Walitandika maili saba hivi, fedha zikawa haba, kazi ikaachwa.

Hata hivyo vyuma vyake havikupotea bure. Vilikusanywa na kutandikwa katika njia za mji wa Mombasa, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vyenye viti na paa la kitambaa. Vigari hivyo havikuwa na injini. Vilisukumwa na watu, wawili au zaidi kwa kila kigari, mbio mbio kutoka mji wa kale mpaka Kilindini, huku bwana au bibi ameketi kivulini. Kwa miaka mingi abiria aliyeshuka kutoka katika meli alipelekwa mjini kwa njia hiyo. Basi kazi ya kwanza ya reli katika mji wa Mombasa ilifanywa kwa miguu na jasho la binadamu, kabla ya moshi wa gari kuonekana.

MAKUPA, MWAKA WA 1896

Mwaka wa 1895 Serikali ya Uingereza ilitwaa nchi kutoka kwa kampuni ile, ikakusudia kujenga reli ya kweli mpaka ziwa kuu la Nyanza, ili ipate njia ya kwenda Uganda. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alifika Mombasa mwezi wa Desemba mwaka huo. Reli ya kwanza ilitandikwa tarehe 30 Mei 1896.

Hapa msomaji aweza kuuliza kwa nini reli ianzie kisiwani, na hali kisiwa kimezungukwa na maji pande zote. Jibu ni bandari. Kila kitu cha kazi hiyo kilikuja kwa meli: vyuma vya reli, mataruma ya kuilalia, injini, mabehewa, saruji, na hata chakula cha wafanya kazi. Meli zilitia nanga Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako maji ni ya kina kikubwa kama jina lenyewe lisemavyo. Kwa hiyo ilipasa reli ianze pale mizigo ilipoteremshwa. Ndipo likajengwa daraja la kuvuka mkono wa bahari pale Makupa, ili gari litoke kisiwani na kufika bara, Changamwe. Baadaye daraja lile liliondolewa, ikajengwa njia ya mawe na udongo iliyokatiza majini. Mwaka wa 2022 magari ya barabarani yakapewa daraja jipya mahali hapo hapo, maji ya bahari yakapata tena kupita.

Kutoka Changamwe reli hupanda kilima mpaka Mazeras, kisha huingia nyikani. Mwisho wa mwaka wa 1897 ilikuwa imefika Voi, maili mia moja hivi kutoka baharini. Mwaka wa 1898 kazi ilicheleweshwa mtoni Tsavo na simba wawili waliokuwa wakila wafanya kazi, hata wakapigwa risasi mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei 1899, yaani miaka mitatu kamili tangu kuanza, reli ilifika Nairobi, maili 327 kutoka Mombasa. Tarehe 20 Desemba 1901 ilifika Kisumu, maili 582 kutoka Mombasa.

Kazi hiyo iligharimu zaidi ya pauni milioni tano. Lakini gharama ya fedha si gharama yote. Vibarua na mafundi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kwa homa, kuhara, ajali na wanyama wakali. Kwa hesabu hiyo, walikufa watu wanne au zaidi kwa kila maili moja ya reli. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na wengine elfu sita na zaidi wakakaa katika nchi hii.

RELI NA NJAA YA NGOMANISYE

Miaka ile ile ambayo reli ilikuwa ikikatiza Ukambani ilikuwa miaka ya taabu kuu. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi ya sotoka, ndui ikaenea. Wakamba waliita njaa hiyo Ngomanisye, na jina hilo halijasahauliwa hata leo. Watu waliacha nyumba zao wakaenda kutafuta chakula popote kilipotajwa. Wengine walikwenda mpaka kwenye kambi za reli, kwa kuwa huko kulikuwa na mchele ulioletwa kwa meli kutoka India.

Mchele huo ulipakiwa Mombasa ukaletwa kwa gari, na sehemu yake ikagawiwa wenye njaa. Hapo ndipo jambo moja lilipoonekana wazi, ambalo limerudiwa mara nyingi tangu siku zile. Chakula kilifika upesi palipo na reli, na mbali na reli kilichelewa. Aliyekaa Kibwezi au Makindu aliweza kuufikia mchele ule. Aliyekaa Zombe alipaswa kutembea siku nyingi na tumbo tupu, na wengi hawakuwa na nguvu za kufanya hivyo. Tofauti ya watu hao wawili haikuwa bidii wala akili, bali umbali wa nyumba zao na stesheni.

STESHENI NA WATU WAKE

Baada ya reli kwisha, stesheni ya Mombasa ikawa mlango wa nchi yote. Wakati huo hapakuwa na ndege za abiria wala barabara ya motokaa ya kutegemewa. Mtu yeyote aliyetoka ng'ambo kwenda bara alipita hapo, na mtu yeyote wa bara aliyetaka kwenda ng'ambo alipita hapo pia. Winston Churchill alipita mwaka wa 1907, akasafiri ameketi juu ya ubao uliofungwa mbele ya injini ili aone wanyama. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani muda si mrefu, alifanya vile vile.

Mwaka wa 1926 magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalifunguliwa Kilindini. Tangu hapo meli kubwa ziliweza kufunga ukutani na kupakua mizigo karibu kabisa na mabehewa, wala haikuhitajiwa tena kila mzigo kuteremshwa kwanza katika matishari. Kahawa, pamba, chai na magadi viliteremka kutoka bara. Mashine, nguo na mafuta vilipanda.

Gari la abiria la kwenda Nairobi liliondoka jioni na kufika asubuhi ya siku ya pili. Lilikuwa na madaraja matatu. Katika daraja la kwanza na la pili mlikuwa na vitanda, na behewa la chakula lenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Katika daraja la tatu mlikuwa na mabao ya kukalia, na abiria alibeba chakula chake mwenyewe au alinunua ndizi, mayai na mahindi ya kuchoma madirishani kila gari liliposimama. Katika siku za ukoloni madaraja hayo yalifuata rangi za watu: la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Waafrika walikuwa wengi kuliko abiria wengine wote, na nafasi yao ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Wengine waliopita hapo hawakuja kwa hiari ya matembezi. Katika Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili askari wengi wa Ukambani waliletwa kwa gari mpaka Mombasa. Katika vita ya pili waliingia melini Kilindini wakapelekwa Asia, na baadhi yao walipigana Burma. Kwa wazazi wengi wa Kitui na Machakos, neno Mombasa lilikuwa na maana ya mahali ambapo mwana alionekana kwa mara ya mwisho, au mahali aliporudia akiwa mzima.

Wako pia waliokuja kutafuta kazi, wakawa makuli wa bandari, watengeneza njia, wasukuma mabehewa, wapika moto wa injini na makarani. Mishahara yao ilikuwa midogo na nyumba zilikuwa haba. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wakiwamo wa bandari na wa reli, waligoma kwa siku kumi na mbili hivi. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Chege Kibachia. Baada ya mgomo Serikali ilimweka jaji kuchunguza jambo hilo, na mishahara ikaongezwa. Katika siku zile mji wote ulifahamu kwamba bandari na reli, pamoja na nguvu zake zote, haviwezi kwenda bila mikono ya watu wa daraja la tatu.

MJI WA MAPUMZIKO

Mombasa si bandari tu. Ni mji ambao watu huuendea ili wapumzike. Kwanza walikuja walowezi wa nyanda za juu, ambao kila mwaka walishuka na jamaa zao kwa gari la usiku ili wapate hewa ya bahari. Asubuhi walipotoka stesheni walielekea pande mbili. Wengine walikwenda kaskazini, Nyali na kuendelea, ambako tangu mwaka wa 1931 palikuwa na daraja lililoelea juu ya maji. Wengine walivuka kwa kivuko cha Likoni wakaenda pwani ya kusini. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 wageni wa ng'ambo walizidi kuwa wengi, hoteli zikajengwa Bamburi, Shanzu na Diani, na daraja imara la Nyali likafunguliwa mwaka wa 1980 badala ya lile la kuelea.

Wageni hao waliwapa Wakamba kazi moja ambayo imekuwa sifa yao. Inajulikana kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga vinyago kwa Wamakonde wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao akawafundisha wenziwe. Vinyago vya twiga, vifaru na wazee wenye mikuki vikaanza kuteremka pwani, maana ndiko walikokuwako wanunuzi. Mwaka wa 1963 wachongaji wa Kikamba wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika, wakafungua mahali pao pa kazi Changamwe. Basi njia ile ya Kivui ya kupeleka pembe pwani ilikuwa imepata wasafiri wengine, waliokwenda na mali nyingine.

KUDHOOFIKA KWA RELI YA ZAMANI

Mwaka wa 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Hizo ndizo zilizokuwa siku za nguvu zake. Mwaka wa 1955 zilianza kuletwa injini za moshi zilizoitwa za aina ya 59, kila moja yenye uzito wa tani 252, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Katika reli za upana wa meta moja hapakuwa na injini za moshi zenye nguvu kuzishinda hizo popote duniani.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikachukua sehemu yake ya reli. Kenya ikaunda Shirika la Reli lake. Tangu hapo mambo yalizidi kuwa magumu. Malori yalishika mizigo katika barabara kuu, na mabasi yakashika abiria. Reli ikakosa mizigo, kwa hiyo ikakosa fedha. Ikakosa fedha, kwa hiyo ikakosa kutengenezwa, na isipotengenezwa gari huenda polepole na kuharibika njiani. Mwaka wa 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni iitwayo Rift Valley Railways, lakini hali haikupona, na mkataba ukakoma mwaka wa 2017. Safari iliyokuwa ya usiku mmoja mara nyingine ilimaliza na mchana wa pili. Mwezi wa Aprili 2017 gari la abiria la Nairobi na Mombasa katika reli ya zamani lilifanya safari yake ya mwisho.

KWA NINI GARI JIPYA HALIINGII STESHENI YA ZAMANI

Ujenzi wa reli mpya ulizinduliwa Mombasa mwezi wa Novemba 2013. Sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo kutoka benki ya Serikali ya China, na kazi ilifanywa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alilifungua gari la abiria, nalo likaitwa Madaraka Express.

Sasa tulijibu swali la yule mzee. Reli ya zamani ina upana wa meta moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya ina upana wa milimeta 1,435, kama reli nyingi za Ulaya na China. Magurudumu ya gari la moshi hayawezi kusogezwa kama mtu asogezavyo viatu. Yamefungwa imara katika ekseli, na ekseli imepimwa kwa reli yake. Kwa hiyo gari jipya haliwezi kupita katika reli ya zamani hata hatua moja, wala la zamani katika mpya. Faida ya upana huo ni kwamba gari hukaa imara zaidi, huchukua mizigo mizito zaidi, na la abiria huweza kwenda kilometa 120 kwa saa.

Ili gari jipya liingie stesheni ya kisiwani, ingebidi kuitandika njia nyingine pana kuvuka Makupa na kupita katikati ya mji uliokwisha kujaa nyumba, maduka na barabara. Wajenzi wakaona heri stesheni ya abiria iwe Miritini, bara, penye nafasi, na reli ya mizigo iendelee mpaka bandarini. Jengo la Miritini lina duara ndani ya duara, na mnara katikati, kwa mfano wa mawimbi madogo yaenezwayo na tone la maji liangukapo.

ALIYEPATA NA ALIYEKOSA

Faida ya reli mpya haifichiki. Safari ya Nairobi na Mombasa iliyokuwa ya usiku mzima sasa ni ya saa tano hivi kwa gari lisilosimama sana. Mwalimu, mkulima au mwenye duka, ambaye zamani hakufikiria kwenda baharini kwa mapumziko, sasa huchukua watoto wake wakaenda kuiona bahari. Mombasa imepata wageni wa nchini mwenyewe, wala haitegemei tena wa ng'ambo peke yao.

Lakini wako waliokosa. Gari la zamani lilisimama stesheni nyingi ndogo. Katika Makueni gari jipya la abiria husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu, uliokuwa mji wa reli tangu mwanzo, na ambako Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao mwaka wa 1926, haukuwekewa kituo, wala Sultan Hamud. Mama aliyekuwa akiuza chai na mayai madirishani mwa gari hakuweza kuihamisha biashara yake pamoja na reli. Kisiwani nako, wachukuzi, wenye teksi na wenye vyumba vya kulala wageni karibu na stesheni walilala na kazi, wakaamka hawana.

Nauli nayo imepanda. Mwaka wa 2017 mtu alilipa shilingi 700 kutoka Nairobi mpaka Mombasa katika daraja la chini. Mwezi wa Januari 2024 nauli hiyo ilifanywa shilingi 1,500. Juu ya hiyo msafiri hulipa ya kumtoa nyumbani mpaka stesheni, na ya kumtoa Miritini mpaka mjini. Kwa mtu wa Zombe nauli hizo mbili za pembeni si kitu cha kudharauliwa, na muda wake pia si mdogo. Afikapo Miritini, ikiwa aendako ni Likoni au Nyali, safari yake bado haijakwisha.

Kwa hiyo wasafiri wa Kitui na Makueni wafanye hesabu ya safari yote, si ya gari peke yake. Anayepanda Kibwezi akumbuke kwamba gari la moja kwa moja halisimami hapo, bali lile lipitalo vituo vya njiani. Inafaa akate tikiti mapema, hasa karibu na sikukuu na kufungwa kwa shule, achukue kitambulisho chake, na afike stesheni mapema, kwa sababu mizigo yote hukaguliwa na askari pamoja na mbwa wao kabla ya mtu kuingia.

MWISHO

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa mswala upitao. Stesheni ya kisiwani imefanya kazi ya mlango kwa miaka mingi, na watu wa makabila yote wameuvuka mlango huo, wengine wakilia na wengine wakicheka. Haifai isahauliwe kama kibanda kibovu, maana ardhi yake iko katikati ya mji, karibu na bandari, na kila mji unaokua huhitaji njia ya kuwaingiza watu wake bila kuzibana barabara.

Lakini historia yake ina funzo kubwa kuliko jengo. Katika mwaka wa Ngomanisye reli ilikuwapo, mchele ulikuwapo, na bado watu wa mbali walikufa, kwa kuwa kati yao na stesheni hapakuwa na njia. Leo barabara ya lami imetoka Kitui mpaka Kibwezi, na umbali ule umepungua sana. Barabara hiyo haikutajwa katika sherehe za kufungua reli, wala haina mnara wala behewa la chakula. Hata hivyo kwa mtu wa Zombe, barabara hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Mombasa.